Sahihi ya Mwalimu

Wanafunzi walimwita Nani Kasema. Si mbele yake, adabu ilikuwepo. Lakini akitokeza tu kwenye korido, kisigino chake kimoja kikilia kuliko kingine, mnong'ono ulimtangulia darasani na migongo ikanyooka. Jina lenyewe alilijua, na alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ajira yake ilikuwa Kiswahili: ngeli, insha, na ile sehemu ya mtihani inayosema "sahihisha sentensi zifuatazo", ambayo aliwafanyisha watoto mpaka wakawa wanaiota. Lakini kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kile ambacho walimu wenzake walikikwepa kwa kila kisingizio, alikiomba mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu ili afundishe jambo lisilokuwemo kwenye mtihani wowote, yaani namna ya kutozugwa na simu.

"Habari ikija, msiikaribishe ndani kama shemeji," aliwaambia. "Isimamisheni mlangoni muiulize. Nani kasema? Kajuaje? Anafaidika nini nikiamini? Na nani mwingine kaona?"

Watoto walicheka hapo kwenye shemeji, kisha wakayaimba yale maswali manne kwa sauti moja.

Alikuwa na sababu yake. Dada yake mkubwa aliacha dawa za hospitali kwa ajili ya sauti ya mwanamume asiyemjua, iliyopita simu hadi simu ikisifia mizizi fulani. Sauti yenyewe ilikuwa nzito na tulivu, ya mtu anayejiita daktari, na dada mtu akaiamini kuliko madaktari waliomshika mkono. Alizikwa huku sauti bado inazunguka. Aliacha binti mmoja, na binti huyo sasa aliishi kwa mama yake mdogo, katika chumba kilichokuwa stoo. Darasani alikaa mstari wa pili na kumwita mama yake mdogo "Mwalimu" kama wengine wote. Wenzake walimpachika jina la Kifutio, maana hakuwahi kuacha kosa kwenye ukurasa. Alikuwa radhi asugue karatasi mpaka itoboke kuliko kuacha herufi imepinda.

Basi Ijumaa moja Nani Kasema aliandika ubaoni ujumbe aliotunga mwenyewe, na kwa kweli alifurahia kuutunga. HATARI!!! KUNA MTU ANAIBA WATOTO!!! WAKUBWA WANAFICHA!!! TUMA KWA WATU WOTE KABLA HAWAJAUFUTA!!! Alama za mshangao zilijaa mpaka ukingo wa ubao, na chaki ikamkatikia mkononi.

"Huu ni uongo," alisema. "Nimeutunga mimi sasa hivi, mkiniona kwa macho yenu. Tena ni uongo mbovu, umejaa makosa. Hauna nani, hauna wapi, hauna lini, unapiga kelele tu. Nendeni nyumbani mkausahihishe, mnitumie kwenye kundi la darasa. Kesho asubuhi nitapitia."

Hilo kundi la darasa lilikuwa kichekesho. Shule ilikataza wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo kundi lililoitwa la wanafunzi lilikaa kwenye simu za wazazi. Insha ya mtoto ilitoka kwenye simu ya baba kinyozi, au ya mama muuza vitambaa, au ya babu mstaafu asiyejua kuizima. Humo humo zilipita taarifa za shule: sare, mikutano, likizo. Mzazi aliyefungua simu alikutana na kazi ya nyumbani ya mtoto wa jirani, na chini yake tangazo la Mwalimu Mkuu. Mambo yalienda hivyo kwa miaka na hakuna aliyeona ubaya wake.

Alasiri ile Nani Kasema alikuwa jikoni, mikono imezama kwenye povu, bomba linamwaga maji kwa kishindo chake cha kawaida. Kifutio alikaa mezani na simu ya mama yake mdogo, kwa kuwa yake hakuwa nayo.

"Mama mdogo, hapa hakuna nani."

"Ndiyo hivyo. Habari lazima iwe na nani."

"Na wapi?"

"Na wapi, na lini, na nani kaitoa. Si nimesema darasani, au ulikuwa umelala?"

"Niweke?"

"Weka, mwanangu, weka."

Aliposema weka, alimaanisha ayaweke kwenye orodha ya makosa. Jambo hilo lilikuwa wazi sana kichwani mwake hata hakugeuka kutazama.

Nje ikalia kengele ya baiskeli ya mnoa visu. Watu walimwita Cheche. Baiskeli yake ilikuwa na jiwe la kunolea lililofungwa juu ya fremu. Aliisimamisha kwenye stendi yake, akapanda na kukanyaga pedali, jiwe likazunguka na cheche zikaruka. Ijumaa alipita mlango kwa mlango akikusanya visu, akakifunga kila kimoja uzi au kitambaa cha mwenyewe ili asichanganye. Jumamosi alivinoa kwenye kivuli cha ukuta wa shule, karibu na lango, watoto wamemzunguka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mmoja tu, ambao hakuwahi kuuchoka. Alijaribu kisu kwenye malaika ya mkono wake, akaonyesha pale paliponyoleka, na kusema, "Kinyozi atafunga duka." Kinyozi mwenyewe alikuwa akiucheka mzaha huo.

"Kifutio, mpelekee Cheche kisu chetu, kabla hajapita."

Kifutio akachukua kisu chenye kitambaa cha buluu, akatoka, akarudi, akakaa na kumaliza kazi yake.

Asubuhi ya Jumamosi Nani Kasema aliweka chai jikoni na kuanza kusahihisha kwa kidole gumba. Chini ya kila kazi aliandika ama "Rudia" ama "Sahihi". Wengi walikuwa wameorodhesha makosa kama alivyotaka. Kiranja wa darasa, binti wa kinyozi, aliyapitia maswali yote manne moja moja bila kuruka, na mwalimu akavimba kichwa kidogo kwa ajili yake. Akafika kwenye kazi iliyotoka kwenye simu yake mwenyewe. Aliona aya moja nadhifu, isiyo na mshangao hata mmoja. Hakutaka wengine waseme anampendelea mtoto wa dada yake kwa kumsahihishia pembeni, kwa hiyo naye alimjibu pale pale kundini. Macho yaliuona unadhifu yakatosheka. Chai ilikuwa inafurika. Aliandika: "Sahihi kabisa."

Kabla ya adhuhuri alisikia kelele upande wa shule. Kwanza alidhani ni mpira. Kisha akasikia kwamba hakuna sauti ya mtoto ndani yake, akatoka bila hata kufunga mlango.

Alifika shughuli imekwisha. Baiskeli ilikuwa miguu juu, jiwe limevunjika vipande viwili. Visu vilikuwa vimetapakaa mavumbini, kila kimoja na kitambaa chake. Polisi wawili walikuwa wanamnyanyua Cheche kwa makwapa, na miguu yake ilifuata nyuma ikichora mchanga. Upande mmoja wa uso wake haukuonekana kuwa uso. Watu walisimama wakihema, wengine wakijifuta mikono kwenye suruali, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Kinyozi alimwona mwalimu akamjia mbio. Mkono wa shati lake ulikuwa umechanika, na kitana bado kiko mfukoni.

"Mwalimu! Mungu akubariki! Bila wewe saa hizi tungekuwa tunatafuta watoto wetu."

"Bila mimi nini?"

Kinyozi alicheka, akidhani ni unyenyekevu, akamwekea simu mbele ya macho. Hapo ndipo Nani Kasema aliposoma ile kazi ya nyumbani kwa mara ya kwanza.

"Wazazi na walezi mnatahadharishwa. Mnoa visu anayepita kwa baiskeli mitaa ya nyuma ya soko ameonekana mara kadhaa wiki hii akiwakusanya watoto karibu na lango la shule. Mtoto mmoja hajulikani alipo tangu Jumatano alasiri. Taarifa hii imetolewa na ofisi ya mtaa. Tafadhali mjulishe mzazi mwenzako kwa utulivu."

Juu yake lilikuwa jina lake. Chini yake, kutoka kwa jina lile lile: Sahihi kabisa.

"Mimi na wenzangu tukasema, huyu si mtu wa kutuma kitu hajakichunguza," kinyozi aliendelea. "Huyu ni Nani Kasema! Tukaja, tukamkuta kweli yupo langoni, watoto wamemzunguka, mfuko umejaa visu. Ushahidi gani tena?"

"Ni visu vyenu," mwalimu alisema. Akanyoosha kidole mavumbini. "Vyenu hivyo, kinyozi. Na changu kimo."

Kinyozi alitazama chini. Kisu chenye uzi mwekundu kilikuwa cha mkewe; alikitambua, maana alikitazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukajifunga.

"Sawa," alisema. "Sasa alitaka kuvifanyia nini karibu na watoto?"

Nyumbani, Kifutio alikuwa anapiga pasi sare ya Jumatatu. Mama yake mdogo alimwekea simu juu ya meza ya pasi.

"Nini hiki?"

"Kazi yako, mama mdogo."

"Nilisema usahihishe!"

"Nimesahihisha." Mtoto alishangaa kweli kweli. Akachomoa daftari la Kiswahili kwenye begi, akafungua ukurasa wenye wino mwekundu wa mwalimu mwenyewe. Sahihisha sentensi zifuatazo: Mtoto zimeanguka. Na chini, kwa mwandiko wa Kifutio: Mtoto ameanguka. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, sentensi mbovu juu, sentensi nzima chini, na kila mahali alama ya vema. "Ulisema umejaa makosa. Nikayatoa. Ulisema lazima uwe na nani, na wapi, na lini. Nikakuuliza niweke, ukasema weka."

"Kwa nini Cheche?"

"Ndiye niliyemwona. Nilikuwa nimetoka kumpa kisu." Hapo ndipo alipouona uso wa mama yake mdogo. "Ni kazi ya darasani tu, mama mdogo. Si kila mtu anajua ni uongo? Uliandika wewe ubaoni, tukikuona."

Nani Kasema alikaa chini sakafuni. Alitaka kumpiga mtoto, na alitaka kumkumbatia, na hakuweza lolote kati ya hayo. Sasa aliyaona yote: alichukua uongo mbovu usioweza kumdanganya hata mlevi, akampa mtoto hodari kuliko wote, akamfundisha kila kitu ambacho uongo ule ulipungukiwa. Na mtoto alifanya kama alivyofundishwa. Pasi ikaanza kunuka, ikabidi mmoja wao ainyanyue.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuufuta ujumbe. Lilikuwa kosa la pili. Kila simu ikaonyesha kwamba ujumbe wa mwalimu umefutwa, na waliokuwa na shaka wakaacha kuwa nayo. Waliokuwa wamepiga picha skrini zao wakaanza kuzituma kwa bidii mpya, na "Sahihi kabisa" ile ikasafiri hadi mitaa asiyowahi kukanyaga. Kituoni polisi walimwandikisha maelezo. Askari alimgeuzia karatasi akamwonyesha mstari wa chini, "Weka sahihi hapa, mwalimu," na mkono wake ulikataa mpaka askari akamuuliza kama anaumwa.

Hospitalini alimkuta mke wa Cheche amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, mfuko wa nguo mapajani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, mshonaji wa mapazia. Mwalimu alikuwa amejiandaa kutukanwa na angeshukuru.

"Mimi ndiye niliyetuma," alimwambia.

"Najua. Jina lako liko pale juu." Mwanamke alilainisha mfuko kwa kiganja. "Wanasema atapona. Jicho hapana, na huu mkono wa kulia watajaribu. Lakini yeye haulizi jicho. Akizinduka anauliza kama atarudi nyumbani. Tumekaa pale tangu tuoane, mwalimu. Hana kwingine anakojua watu. Wewe waambie tu. Wewe watakusikia."

"Atarudi," Nani Kasema alisema. "Nitawaambia, na atarudi."

Alilisema hilo kwa moyo wote. Alitoka hospitalini akitembea kama mtu aliyepewa kazi, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu kuomba mkutano wa wazazi na wanafunzi.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Nani mwingine anajua kwamba habari ilitungwa shuleni? Mtaa unasema ni taarifa ya ofisi ya mtaa. Ofisi ya mtaa imekana. Acha wavutane wao kwa wao. Ukisimama pale, umemwaga unga, na yule mtoto wa dada yako atanyooshewa vidole mpaka aolewe."

"Mtoto simtaji. Nitasema ni mimi."

"Na hilo nalo litakuwa uongo," Mwalimu Mkuu alisema bila ubaya, akavaa miwani yake na kutia ukumbi kwenye ratiba.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nani Kasema alisimama mbele, bila karatasi, akawaeleza. Ujumbe ulikuwa zoezi. Hakuna mtoto aliyepotea. Hesabuni watoto wenu, aliwaambia, wako hapa wote. Cheche hakufanya lolote ila kunoa visu vyenu. Neno "sahihi" lilikuwa alama ya mwalimu kwa kazi ya nyumbani, nalo aliliandika bila kusoma, na aibu hiyo ni yake. Alisema anaomba radhi.

Watu waliinamisha vichwa. Alidhani wanatafakari. Kisha kinyozi akanyanyuka polepole.

"Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na wewe. Wewe ni wetu. Wamekutisha, tunaelewa."

"Hakuna aliyenitisha."

"Jumamosi unasema sahihi kabisa. Leo unasema si sahihi. Katikati hapo ulikwenda kituoni, watu walikuona. Binti yangu ana maneno yako ya darasani kwenye daftari: tuma kabla hawajaufuta. Na umefutwa!" Aligeukia ukumbi, mikono wazi, akinyanyua mabega. "Nimekosea wapi?"

Watu walinguruma. Hakuna aliyekuwa anataka kuambiwa kwamba mikono yake imempofua mtu bure. Hilo mwalimu aliliona usoni mwa kila mmoja wao, na alijua hana somo la kulitibu. Walihitaji Cheche awe mwizi wa watoto kuliko walivyohitaji watoto wao wawe salama.

Kiranja alinyoosha mkono kutoka kwa wanafunzi. Hata pale alisubiri aruhusiwe.

"Samahani, Mwalimu. Nani kasema kwamba ni uongo?"

"Nasema mimi."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo. Nimeutuma mimi."

"Na tukiamini unavyosema leo, unafaidika nini?"

Hakuwa na kejeli. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anauliza kwa sababu baba yake alikuwa amerudi nyumbani na damu kwenye shati, na alihitaji kujua, na njia ya kujua aliyofundishwa ilikuwa hii. Nani Kasema hakuwahi kuwa na mwanafunzi bora. Alitafuta jibu la kweli akalipata.

"Nitapata usingizi," alisema.

"Mmesikia!" mtu alipaza sauti nyuma. "Anajisafisha!"

"Na nani mwingine kaona?" kiranja aliuliza, maana lilikuwa limebaki hilo moja.

"Mimi."

Kifutio alikuwa amesimama. Mama yake mdogo alimpa ishara ya mkono akae, na mtoto akaiona akaipuuza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Niliandika mimi. Cheche nimemweka mimi. Mtoto aliyepotea nimemtunga mimi, kwa sababu bila mtoto habari ilikuwa haijakamilika. Mwalimu anawadanganya kwa kunificha."

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama jambo limeingia. Kisha muuza vitambaa akatoa mluzi wa dharau.

"Si anakaa kwake huyo? Analala kwake, anakula kwake. Kafundishwa cha kusema."

"Na wenyewe hawapatani," mwingine akadakia. "Mara ni mimi, mara si mimi."

Kicheko kikapita ukumbini, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Waliinuka wakakunja viti. Wengine walimpitia mwalimu wakamgusa bega kwa huruma, wakimwambia ajikaze, ipo siku atakuwa huru kusema ukweli.

Baada ya hapo Nani Kasema alifanya kile alichowafundisha watoto. Alikwenda akaona mwenyewe. Mlango wa chumba cha Cheche ulikuwa umeng'olewa bawaba, na ukutani mtu aliandika kwa mkaa neno moja ambalo hakulisoma kwa sauti. Alimuuliza jirani wa kulia, akamuuliza jirani wa kushoto, akawauliza waliokuwepo langoni na wasiokuwepo. Alisimama nje ya duka la kinyozi akamsikia, bila kupunguza sauti, akimwambia mteja kwamba yule bwana akirudi, safari hii polisi watakuta wamechelewa. Aliuliza na mwingine, na mwingine. Majibu yalilingana. Ujumbe nao ulimrudia kutoka kwa mwalimu mwenzake wa mji mwingine, aliyetaka kujua kama ni kweli. Mtaa ulikuwa umebadilishwa, siku imebadilishwa, mnoa visu amekuwa fundi viatu, ila chini bado palikuwa na picha ya lile neno na jina lake.

Mke wa Cheche alikuja Jumapili. Alikuwa amebeba mfuko wa visu. Polisi walimrudishia, naye alikuwa anazunguka kuvirudisha kwa wenyewe, kwa sababu, alisema, si vyao. Kila mlango ulifunguliwa nusu, mkono ukatoka, ukapokea, ukaingia. Kwa kinyozi, mkewe aliuliza kama chake kimenolewa.

"Chako alikuwa amekimaliza," alimwambia Nani Kasema alipofika kwake, akikifungua kisu. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimefuliwa. Kifutio alisogea kukipokea, na yule mwanamke alimtazama. Alikuwa amesikia ya mkutanoni, mji mzima ulisikia. Akamgeuzia mpini. "Kina makali hicho, mwanangu. Angalia vidole."

Kifutio alikishika kwa mikono miwili, akaenda nacho jikoni, akabaki amesimama humo.

"Wanamtoa kesho," mwanamke alimwambia mwalimu. "Kanituma nikuulize wewe, si mtu mwingine. Anasema mwalimu ndiye anayejua kupima habari. Arudi?"

Nani Kasema alikuwa amelijua swali hilo tangu hospitalini, na alikuwa ameomba lisifike. Alimtazama machoni, maana hilo angalau aliliweza.

"Asirudi," alisema.

"Uliniambia atarudi."

"Nilikuambia kabla sijauliza."

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Aliuliza kama kuna basi la asubuhi linalokwenda upande wa dada yake, na mwalimu akamwambia lipo. Akajitwisha mfuko, sasa mwepesi, akashuka ngazi. Alikuwa amebakiwa na milango michache.

Jikoni maji yalikuwa yamefungwa. Kifutio alikuwa amekaa mezani, kisu kimelazwa mbele yake juu ya kitambaa.

"Umemjibu nini, mama mdogo?"

"Nimemwambia asirudi."

Mtoto alikunja ncha ya kitambaa. Kisha akauliza, polepole, kama wanavyouliza wanapoleta daftari mezani:

"Ni sahihi?"

Nani Kasema alilirudia jibu lake kichwani, neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyopaswa kuisoma ile aya Jumamosi chai ikifurika. Akaliuliza maswali yote manne. Alitafuta kosa, akalitamani hata dogo, hata la herufi.

"Sahihi," alisema.